Taa Iliyowaka Bila Mguso: Kisa cha Parker, Fox na Onishchenko, Montreal 1976

Tarehe 19 Julai 1976, siku ya upanga katika pentathloni ya kisasa ya Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Adrian Parker wa Uingereza alisimama mbele ya Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti, kila mmoja na upanga wake mkononi. Parker alikuwa na umri wa miaka 25 na hakuwahi kushiriki Olimpiki kabla ya hapo. Onishchenko alikuwa na miaka 38, afisa wa jeshi, bingwa wa dunia wa mwaka 1971. Kabatini kwake kulikuwa na medali ya fedha ya timu ya Mexico 1968, dhahabu ya timu ya Munich 1972, na fedha aliyoipata peke yake huko huko Munich. Pambano halikuchukua muda. Taa ya upande wa Onishchenko iliwaka, mguso ukahesabiwa, kijana akashindwa. Akatoka pale akiwa na shaka moja: hakuhisi kuguswa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya tapeli aliyenaswa. Naona kinastahili kuangaliwa zaidi upande wa huyo kijana na wa nahodha wake Jim Fox, kwa sababu wao ndio walioona. Mashine haikuona kitu, na waamuzi nao walikuwa wakiitazama mashine.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaikumbuka Montreal kwa jambo jingine kabisa. Ni Olimpiki ambayo Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika ziliisusia, kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu mwaka 1974, hakupata nafasi ya kupambana na John Walker wa New Zealand. Kwa hiyo ushindani tuliokuwa tukiusubiri haukufanyika, na ule wa upanga uliofanyika huko haukutufikia sana.

Onishchenko, Parker na Fox hawakuwa wachezaji wa upanga peke yake. Walikuwa wanamichezo wa pentathloni ya kisasa, mchezo uliobuniwa na Pierre de Coubertin na kuingizwa Olimpiki mwaka 1912 huko Stockholm, ambao wakati huo ulikuwa na sehemu tano: kupanda farasi, upanga, kulenga shabaha kwa bastola, kuogelea na kukimbia. Wakati ule kila sehemu ilikuwa na siku yake. Montreal walianza na farasi, siku ya pili ikawa ya upanga, na ya tano mbio za mita 4,000. Kila timu ilikuwa na watu watatu, na pointi zao zikajumlishwa kupata matokeo ya timu.

Siku ya upanga katika pentathloni ya wakati ule ilikuwa ndefu. Kila mmoja alikutana na wenzake wote, mapambano zaidi ya 40 kwa mtu mmoja, na kila pambano lilikuwa la mguso mmoja tu. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Katika mashindano ya kawaida ya upanga, mchezaji anayeibiwa mguso mmoja bado ana nafasi ya kuutafuta mwingine. Atapigana hadi miguso 5 au 15, na aliye bora ana muda wa kuonyesha ubora wake. Katika pentathloni mguso mmoja wa uongo ni pambano zima. Aliyeibiwa anavua kofia ya wavu, anapeana mkono na aliyemwibia, anakwenda kumsubiri mpinzani anayefuata. Hana hata dakika ya kufikiri.

Sasa upanga wenyewe. Aina inayotumika inaitwa epei. Mwili wote ni shabaha, kuanzia kofia ya wavu hadi ncha ya kiatu, na unahesabiwa mguso wa ncha pekee. Zamani waamuzi walizunguka wachezaji wakikodoa macho, na mwenye adabu aliyeguswa alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Kwa kuwa macho ya watu yaligombana sana, umeme uliletwa, na kufikia Olimpiki ya Berlin 1936 epei ilikuwa tayari ikichezwa kwa taa. Kwenye ncha pana kitufe kidogo chenye springi. Nyaya mbili nyembamba zinapita ndani ya mfereji uliochongwa kwenye chuma cha upanga, zinafika kwenye bakuli linalokinga mkono, zinaungana na waya unaopita ndani ya mkono wa nguo hadi mgongoni, na kutoka hapo hadi kwenye mashine. Ncha ikigandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wa gramu 750, kitufe kinabonyea, nyaya mbili zinagusana, umeme unapita, taa inawaka.

Umeona udhaifu ulipo. Mashine haijui kama ncha imegusa kifua cha mtu. Inachojua ni kwamba nyaya mbili zimekutana, na haiwezi kusema zimekutania wapi. Zikikutana kwenye ncha, taa inawaka. Zikikutana ndani ya mpini, mkononi mwa mwenye upanga, taa ni ile ile.

Upanga wa Onishchenko ulikuwa umetengenezwa hivyo. Ndani ya mpini, chini ya kifuniko chake, palifichwa swichi. Alichohitaji ni kubana vidole kwa wakati unaofaa. Na wakati unaofaa ndio ugumu wa jambo lenyewe, maana hawezi kubana akiwa amesimama mita mbili kutoka kwa mpinzani. Kila mtu angeona. Lazima arushe hatua mbele, anyooshe mkono, ncha ifike karibu kabisa na mwili, ndipo abane. Ili udanganye namna hiyo inabidi uwe mchezaji mzuri tayari. Unahitaji kujua umbali, kujua mpinzani atarudi nyuma lini, kujua jicho la mwamuzi litadanganyika wapi. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki. Huyu hakuwa mtu dhaifu anayetafuta njia ya kupita. Ujuzi wake wa miaka mingi ndio uliomwezesha kuuficha wizi wake.

Turudi kwa Parker. Kwa nini kijana aliyejua hakuguswa hakupiga kelele pale pale?

Jibu liko katika mchezo wenyewe. Si kila mguso wa epei unauhisi. Ncha inaweza kugonga kiatu, ikachota kitambaa cha mkono wa nguo, ikapita ubavuni huku wewe mwenyewe ukiwa unarusha mkono wako mbele kwa nguvu zote. Nguo ni nzito, moyo unadunda, na macho yako yako kwenye mkono wa mwenzako. Mchezaji yeyote wa epei ameshawahi kuona taa ikimwakia mpinzani, akashangaa, halafu akakubali. Anajifunza tangu siku za kwanza za mazoezi kuamini taa kuliko ngozi yake. Ongeza umri. Ongeza jina la aliye mbele yako na medali zake. Kijana wa miaka 25 katika Olimpiki yake ya kwanza, akimwambia mwamuzi kwamba bingwa wa dunia wa zamani hakumgusa ilhali taa inawaka, ataonekana mtoto asiyejua kushindwa.

Mlaghai wa aina hii anategemea hasa hiyo shaka ya mpinzani juu ya mwili wake mwenyewe, na swichi inafuata baadaye. Kila aliyeguswa kwa uongo alikuwa peke yake kwenye ule uwanja mwembamba, akashuka na shaka yake, na akaimeza kwa sababu alidhani ni yake peke yake.

Parker hakuimeza. Waingereza walikuwa wakitazama mapambano ya wenzao, na ule mguso uliwaacha na maswali. Baada yake ikawa zamu ya Fox kukutana na Onishchenko, na Fox alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa na miaka 34, sajini wa jeshi la Uingereza katika kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya nne, kuanzia Tokyo 1964. Alimfahamu Onishchenko kwa miaka mingi. Walikuwa wamekutana kwenye mashindano Ulaya nzima, na walikuwa na urafiki ule wa watu wanaogombea kitu kimoja kwa muda mrefu hadi wanaheshimiana.

Onishchenko akarusha hatua, Fox akajivuta nyuma akauacha upanga upite hewani. Taa ikawaka. Safari hii haikuwa suala la kitambaa wala kiatu. Ncha haikuwa karibu na mwili hata kidogo, na waliokuwa wakitazama waliona pengo lenyewe.

Namna Fox alivyolalamika ni ya kufundishia, na ningependa makocha wetu waiangalie, wawe wa upanga, wa ndondi au wa mchezo wowote wenye mwamuzi. Hakumwita mwenzake mwizi. Alisema upanga ule una kasoro, kwa hiyo ukaguliwe. Kwa wakati huo huenda ndivyo alivyoamini, maana upanga wa umeme huharibika: waya hukatika, gundi huachia, nyaya zikagusana zenyewe na taa ikawaka ovyo. Hilo hutokea katika kila klabu na kila mwenye epei anajua. Lakini hata kama moyoni alikuwa na dhana nyingine, alishika kile alichoweza kukithibitisha pale pale: taa imewaka na ncha haijagusa kitu. Nia ya mtu huwezi kuipima kwa mita ya umeme, lakini upanga unaweza.

Tena alilalamika papo hapo. Katika upanga, malalamiko ya namna hiyo yanataka kufanywa kabla mambo hayajasonga mbele, na silaha inayolalamikiwa ibaki kama ilivyokuwa hadi fundi aiangalie. Mchezaji akiruhusiwa kwenda kwenye mfuko wake na kuuchanganya na mingine, ushahidi umepotea. Angenyamaza hadi jioni, akaandika barua ya kulalamika, Waingereza wangebaki na maneno matupu dhidi ya bingwa, na upanga ule ungekuwa umeshavuka bahari.

Wasimamizi waliuchukua. Onishchenko akapewa nafasi ya kuendelea kwa upanga mwingine, na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka: kwa upanga huo mwingine, usio na hila, aliendelea kushinda mapambano. Alikuwa hodari kweli. Siku ile, katika umri wake, pengine angemaliza sehemu ya upanga akiwa juu ya wengi bila kubana kitu chochote.

Wakati yeye akipigana, mafundi waliufungua ule wa kwanza na kuikuta swichi na nyaya zake. Haikuwa kasoro, wala haikuwa waya uliochoka. Mtu alikuwa amekaa akaitengeneza kazi ile kwa utulivu na kwa ustadi. Onishchenko alidai kwamba upanga ule haukuwa wake. Hakusikilizwa. Akafutwa kwenye mashindano, na kwa kuwa timu ilihitaji watu watatu, timu nzima ya Kisovieti ikawa imekwisha. Mabingwa wa Munich walitoka katika siku ya pili kati ya tano. Siku za mwizi ni arobaini, tunasema. Huyu zake ziliishia kwenye pambano na rafiki.

Magazeti ya Uingereza yalimpa majina ya kejeli na dunia nzima ikacheka. Sioni cha kuchekesha. Kuna wenzake wawili waliopoteza nafasi ya medali ya timu kwa kosa la mtu mmoja. Mmoja wao, Pavel Lednyov, aliendelea kushindana peke yake na akamaliza wa pili, nyuma ya Janusz Pyciak-Peciak wa Polandi. Hebu mfikirie Lednyov asubuhi iliyofuata, akishika bastola kwenye shabaha huku kila mtu akimtazama kama mshirika wa tapeli. Alipata fedha yake kwa haki, na watu wachache sana wanaikumbuka.

Onishchenko alirudishwa nyumbani haraka. Iliripotiwa kwamba aliondolewa jeshini na kunyang'anywa heshima zake za kimichezo. Hakuonekana tena katika mashindano ya kimataifa.

Swali ambalo kila anayesoma kisa hiki huuliza ni kwa nini. Mtu mwenye kila kitu, kwa nini? Mimi naitazama miaka yake 38. Katika pentathloni umri haukuibii kila kitu kwa pamoja. Kwenye bwawa unaona saa ikikushinda, kwenye mbio miguu inakataa, lakini upanga ni mchezo wa akili na uzoefu, mahali ambapo mkongwe bado anaweza kumpiga kijana. Alipojua kwamba Parker na wenzake wangemwacha mbali kwenye mita 4,000, mahali pekee pa kukusanya pointi za akiba palikuwa kwenye upanga. Ushindi wa asilimia 70 ya mapambano ulikuwa na thamani ya pointi 1,000, na kila ushindi wa ziada uliongeza. Ndiyo maana swichi iliwekwa kwenye eneo alilokuwa na nguvu zaidi. Haya ni maoni yangu kutokana na jinsi pointi zilivyohesabiwa, na hayampunguzii hatia hata chembe. Mkongwe mwingine, Fox, alikuwa na hesabu hizo hizo mbele yake na alizikabili kwa mikono mitupu.

Kwa Waingereza, kupatikana kwa ukweli hakukuwapa medali. Wengi husimulia kana kwamba Wasovieti walitoka na Uingereza ikapokea dhahabu mlangoni. Sivyo. Siku ya mwisho ilipofika, timu yao ilikuwa ya tano, nyuma ya Chekoslovakia kwa mamia ya pointi. Walikuwa wamevurugika pia. Si jambo jepesi kulala usiku ukijua umemfichua mtu uliyemwita rafiki, halafu uamke uende kulenga shabaha kwa mkono usiotikisika.

Kisha ikaja mbio. Parker, kijana yule aliyeshuka na shaka yake, alikimbia kwa kasi kuliko mtu yeyote siku hiyo. Danny Nightingale, mdogo wao, naye alikimbia vizuri mno, na Fox alijikamua hadi akafika mwisho akiwa hoi kabisa. Pointi zilipojumlishwa, Uingereza ilikuwa na 15,559, Chekoslovakia 15,451 na Hungaria 15,395. Dhahabu ilipatikana kwa tofauti ya pointi 108, na ilipatikana kwa miguu.

Nimeona watu wakiuchukua ushindi huo kama malipo ya uaminifu, na sikubaliani nao. Wangeweza kumaliza wa tano, na walichokifanya siku ya upanga kingekuwa sahihi vile vile. Uamuzi wa Fox kuunyooshea kidole upanga ule ulikuwa mgumu kwa sababu hakujua utampeleka wapi. Ungeweza kukaguliwa na kukutwa mzima. Angebaki mzee aliyemsingizia rafiki yake mbele ya dunia kwa sababu ya mguso mmoja.

Baada ya Montreal kanuni zilibadilishwa, na mipini inayoweza kuficha waya au swichi ikapigwa marufuku. Leo mchezaji wa epei akipanda kwa pambano, mwamuzi anaupima upanga wake kwa kizito cha gramu 750 kilichokalishwa juu ya ncha, mbele ya mpinzani. Kama ncha inanyanyuka na kukisukuma kizito, upanga unafaa. Anapima pia nafasi ya kitufe kwa vipande vya chuma vyembamba. Ni kazi ya sekunde chache, na vijana wengi huiona kama usumbufu.

Limebaki jambo moja ambalo halikufungwa. Munich 1972, miaka minne kabla, András Balczó wa Hungaria alishika nafasi ya kwanza, Onishchenko ya pili, Lednyov ya tatu. Wa nne alikuwa Jim Fox. Mtu akishalikuta lile jina la nne hawezi kuacha kujiuliza upanga wa mwaka 1972 ulikuwaje, na kama medali ya shaba ya Fox ilipotelea ndani ya mpini. Lakini upanga wa Munich haukufunguliwa na fundi yeyote. Fox aliyeomba ukaguzi kabla ya kumtaja mtu kwa ubaya alikuwa ametufundisha kipimo, na kwa kipimo hicho fedha ya Onishchenko ya mwaka 1972 imebaki kwenye vitabu vya Olimpiki, na naamini ni haki ibaki.